Pindo la Joho

Wao wana baraza lao pale juu, lenye bendera;
mimi nina baraza yangu, ngazi sita za saruji
mbele ya duka la Munguci, hapa Arua,
na cherehani inayokohoa kabla ya kushona.
Joho la spika ni moja tu.
Jeusi, ukingo wa dhahabu uliogeuka rangi ya haradali,
lilinunuliwa Kampala mwaka ambao hata karani haukumbuki.
Kinachobadilika ni mabega.
Nayo mabega yote yamepita hapa.

Wa kwanza kumshonea alikuwa Andama, mrefu.
Nilifumua pindo lote mpaka likaisha
na bado kifundo cha mguu kikachungulia.
Huyo aliondoka kwa njia isiyopigiwa kura:
Jumanne aliahirisha kikao hadi saa nane,
saa nane haikumkuta.
Joho likarudi na harufu ya kafuri.
Nililifua mara tatu, nikalianika kivulini.

Akaja Ayikoru. Nilikunja shibiri nzima.
Mwanamke mdogo, sauti ya kengele ya shule;
madiwani walikaa wakiambiwa kaa.
Aliandika barua mwenyewe, mistari miwili,
akamkabidhi karani, akaenda kutafuta ubunge.
Joho aliniletea kwa mkono wake, limepigwa pasi.
"Candiru," akasema, "kile kiti kina joto,
ila joto si lako, ni la aliyekaa kabla yako."
Ubunge hakuupata. Siku hizi anauza misumari na mabati.

Halafu Onzima.
Huyo alikipenda kioo changu.
Alizunguka mbele yake, akazunguka tena,
akaniuliza kama naweza kuongeza ukingo wa pili wa dhahabu.
Uzi upo, nikasema, ruhusa je?
Akacheka. "Ruhusa si mimi?"

Miaka miwili na miezi minne.
Hoja zililala mezani pake kama paka wa hotelini,
posho za safari zikaota miguu,
hadi karatasi ikaanza kutembea usiku
nyumba kwa nyumba, ikiomba sahihi.
Sheria haina hasira, inataka hesabu:
madiwani ishirini na saba,
theluthi mbili, kumi na wanane.
Siku ya kura hakukikalia kile kiti;
naibu ndiye aliyeshika nyundo.
Mvua ya Agosti ilipiga paa, nasikia,
ikabidi wahesabu kwa kupaza sauti,
na wa kumi na nane alikuwa shemeji yake.

Joho lilirudi kwa bodaboda, ndani ya kavera.
Mfukoni: peremende moja, risiti ya mafuta,
na orodha ya watu wake, kwa mwandiko wake,
majina kumi na manne, kila jina na alama ya vema.
Kumi tu wangemtosha.
Sikuichoma. Imo kwenye kopo la vifungo.

Jana amekuja mpya, Adiga.
Kijana, shingo nyembamba, viatu vingali na harufu ya duka.
Nikampima: bega, kwapa, kisigino.
"Mama, hili pindo zito linanipiga miguuni. Kata tu.
Mimi nipo."
Wote husema nipo.
Nikaweka mkasi mezani, auone.
Alipokwisha kwenda nikakunja vidole vinne kwa ndani,
nikashona kwa mishono mirefu,
ile inayofumuka kwa wembe mmoja
bila kuumiza kitambaa.

Na baraza lao lingali linadaiwa na baraza yangu
shilingi elfu tisini, za maspika watatu.
Karani anasema nisubiri:
mwenye kutia sahihi
hajaapishwa.