Maji Yako Njiani

Walimu wangu, programu hii si yangu.
Niliikuta, kama nilivyoikuta milima ya Amerat
na nyumba zilizoiparamia, kila moja na tangi lake darini.
Unabofya, lori la bluu linapanda na mpira wake,
linajaza, linashuka.
Ndivyo inavyojisifu.

Mwezi wa Juni, joto arubaini na saba,
bibi yangu Zuwena alibofya.
Weka alama kwenye ramani, ikamwambia.
Akaweka kidole, ramani ikakimbia.
Akaweka tena, nyumba yetu ikaporomoka
mpaka wadini, kwenye mawe na mbuzi wa watu.
"Ramani gani hii," akasema, "haina hata mlango?"
Akatafuta miwani. Alipoipata
kioo kilikwisha kuandika: Muda wako umekwisha.

Mwanamke wa miaka themanini na moja.
Haambiwi hivyo na simu.

Nilikaa naye wiki tatu, mimi na daftari.
Nilihesabu mibofyo kumi na minne kabla ya tone la kwanza.
Niliandika jinsi gumba lake,
kavu kwa miaka ya kukanda na kufua,
lisivyotambuliwa na kioo;
akalilamba kidogo, kama anayefunua ukurasa,
kioo kikaona haya, kikafunguka.

Dakta Mundhir, uliniuliza: umehoji watumiaji wangapi?
Wawili, nikasema. Mtu akacheka nyuma.

Wa pili ni Rafiqul, dereva, kwao Sylheti.
Simu yake humwonyesha duara jekundu
linaloliwa dakika kwa dakika;
likiisha, zinapungua nyota,
nyota zikipungua, zinapungua riali.
Hana haja na ramani yenu. Juu ya kichwa chake,
kwenye dari la lori, amechora kwa kalamu mlima mzima:
paka wa kijivu, gari bovu, mkunazi na mshale,
mlango wa kijani.
Mlango wa kijani ni sisi.

Basi pendekezo la kwanza nililiiba mle mle:
ondoeni ramani, mtu apige picha mlango wake.

Nyota nazo. Nilimwuliza bibi angempa ngapi.
"Mimi nani, hata nigawe nyota?"
Akampelekea kahawa na tende tatu
pale pale kwenye usukani, lori likinguruma.
Hilo sijui kulichora.
Niliacha nafasi tupu kwenye skrini,
nanyi mkaandika pembeni: haijakamilika.

Kisha maneno. Kiarabu kimo,
cha magazeti lakini, si cha jikoni.
Kiingereza kimo, Kiurdu kimo.
Kile tunachoombea chumvi mezani,
kile bibi alichomlilia babu, hakimo.
Nikaandika sentensi moja tu: Maji yako njiani.
Isomeni mpendavyo.
Maji ni yako, nani atakunyang'anya;
au maji yako huko, yanakuja, vuta subira.
Neno moja limebeba ndoo mbili
na halikumwaga.
Mkaniambia: soko dogo.

Sawa. Sitabishana na soko.

Ila jioni ile nilimwekea bibi mchoro wangu magotini,
wa karatasi, maana ndivyo mlivyotufunza,
jaribu kwa karatasi kwanza.
Mlango wa kijani. Kitufe kimoja, kipana kama kitumbua.
Akakibonyeza.
Nikamgeuzia karatasi ya pili,
akaisoma kwa sauti, silabi kwa silabi,
akacheka peke yake,
akainuka kuteleka kahawa ya dereva.

Nikatoka nje kimya kimya na simu yangu,
nikabofya mara kumi na nne.