Swali la Kumi na Moja

Swali la kwanza: asili ya mtoto. Weka vema.
Visanduku kumi na vinane, na mwanangu Mbaraka
haenei hata kimoja bila kukunjwa magoti.
Nikachagua cha mwisho: "Nyingine".

Swali la nne: je, hulalamika tumbo?
Kila Jumapili jioni, sare ikishapigwa pasi.
Nilimpa maji ya tangawizi. Nikamwambia mwanamume haugui Jumapili.
Kaka zangu waliambiwa hivyohivyo, wakapona,
au wakanyamaza. Kwetu havikuwa na tofauti.

Leicester, chumba cha kusubiri, hita inakoroma.
Kushoto kwangu Bi Ramila na mjukuu
anayejinyonyoa nyusi, unywele mmoja mmoja, kipindi cha hesabu.
Mbele yetu Bożena: binti yake hajasema neno shuleni tangu Oktoba,
ila nyumbani, kwa Kipolandi, anachonga kama redio.
Delroy yumo ndani ya koti la kazi, dereva wa basi;
fomu ameikunja mara nne
kama risiti ya kitu anachotaka kukirudisha dukani.

Hatujuani. Lakini kila mtu ameziba majibu kwa kiganja
kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa.

Swali la kumi na moja: akikosea, unamfanya nini?

Kalamu zote nne zikasimama.

Samaki mkunje angali mbichi,
methali hiyo niliinywa pamoja na uji.
Hakuna aliyeniambia kwamba samaki wa kukunjwa
ameshakufa.

"Umeandika nini?" Bi Ramila akaninong'oneza,
kwa Kiingereza chetu kile kisicho cha mtu.
Nikaondoa kiganja. Patupu.
Naye akaondoa chake. Patupu.
Delroy akacheka puani, kisha akaacha kucheka.

Mezani palikuwa na karatasi ya Kiswahili. Sonona, imeandikwa.
Neno la mama yangu! Alilitumia kwa jino:
si lile linalokuliza,
ni lile linalokukesha huku umewapa wageni chai.

Nikamgeukia Mbaraka, safari hii bila tangawizi mkononi.
Panauma wapi hasa?
Akaushika mkono wangu, akauweka tumboni,
akaupandisha taratibu, kifungo kwa kifungo,
akaupitisha shingoni, akaufikisha kwenye paji la uso,
akauacha hapo.

Jina letu likaitwa, limekosewa.
Likaitwa tena.
Hatukuinuka bado.