Upande wa Pili

Naandika haya kuitetea kanda moja
yenye lebo ya buluu na mwandiko wa kalamu ya Biki:
"Munyu", Swafiya Famau na wenzake,
Malindi, mwaka wa themanini na sita.
Zilitoka nakala arubaini.
Idadi naijua, kwani mimi ndiye niliyezirudufu,
dukani kwa Bakathir, nyuma ya soko la zamani,
deki mbili, feni moja, na umri wangu miaka kumi na minne.

Ziliuzika kumi na moja.
Nyengine watu walizichukua kwa haya,
kama mtu achukuavyo kitumbua kilichoungua
kwa jirani asiyetaka kumvunja moyo.

Walisema, fidla iko wapi?
Walisema, harusi gani itakayochezwa kwa hii?
Walitaka kinanda cha kuwaka taa,
naye Swafiya amekuja na gambusi
na gunia.
Naam, gunia. La munyu wa Gongoni, kilo hamsini,
Mselem akilipiga kwa kiganja
kwa kuwa ngoma yake ilikuwa rehani kwa mwenye nyumba.
Sikiliza: pigo halidundi. Linazama,
kama mtu aliyekaa kitako akasema, basi, nimechoka.

Upande wa kwanza ni mzuri, sina neno.
Mimi nasemea upande wa pili.
Unaanza na mtu anakohoa.
Kisha kiti kinaburutwa.
Kisha jogoo wa kina Mwanaidi, ambaye hakualikwa.
Kisha yeye, chini kuliko tulivyomzoea,
maana siku hiyo alitoka matangani
na nusu ya koo aliiacha huko:

    Munyu hupimwa mizani, na jasho hupimwa nini?
    Umeniganda usoni, hautoki mdomoni,
    Na machozi ya jioni, nayo yamo guniani:
    Karani, niandikia, kilo zangu ziko ngapi?

Dakika ya nne stima zikakatika mji mzima.
Rekoda ilikuwa ya betri, ikaendelea.
Giza halisikiki kwenye kanda, mtasema.
Lasikika.
Gambusi inakosa uzi mmoja, inapapasa,
inaupata, na ikishaupata haiuachi tena,
na kuna mtu anacheka kidogo, nadhani Mselem,
halafu wote wanaingia pamoja
kama watu walioshikana mikono kushuka ngazi.
Nimesikiliza kanda elfu na zaidi, ndiyo kazi yangu.
Mahali kama hapo sijapaona tena.

Sasa nyinyi mnaohesabu kazi za kale zisizochuja,
mnarudia majina yale yale
kama mtoto aliyehifadhi sura moja tu.
Sisemi majina hayo si kitu.
Nasema sogeeni, mpisheni mtu akae.

Nakala ya mjomba wangu ilirekodiwa mpira juu yake.
Dakika tisini za mtangazaji mwenye mafua.
Lakini kanda ni ndefu kuliko mpira wowote;
kipenga kinalia, watu wanashangilia,
kimya,
halafu kutoka chini kabisa: "...ziko ngapi?"
na kiganja kimoja juu ya gunia.
Mjomba hakuwahi kufika huko. Alikuwa akizima.

Yangu mimi ilikatika mara mbili.
Niliiunga kwa gundi ya kucha na wembe,
nikaizungusha kwa penseli, polepole, siku ya Ijumaa.
Mwaka jana nikampelekea mwenyewe, Maweni,
anakouza mikate ya mofa mbele ya mlango wake.
Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi:
mama, hii ni kubwa, mama, walikudhulumu,
mama, siku moja watu watajua.
Akafuta unga mikononi kwa leso.
Akaishika kanda, akaigeuza nyuma, mbele.
"Na yule jogoo," akauliza, "bado yumo?"

Yumo, nikamwambia.

Akageuza mkate, usiungue.