Mizimu ya Nyayo

Mvua ya Leitrim haibishi hodi.
Inaingia tu na viatu vyake vya tope,
inakaa kwenye makoti ya watoto hadi jioni.
Saa tatu kasorobo nimeshatandaza magazeti ya wiki jana
juu ya meza fupi
ambazo magoti yangu hayajawahi kuzisamehe:
sahani za karatasi, pamba, gundi,
katoni za mayai alizotuwekea Concepta wa dukani.
Moja bado ina unyoya.

Tunaanza na popo.
Kata vikombe vitatu vilivyoshikana,
cha kati tumbo, vya pembeni mabawa,
paka nyeusi, bandika macho mawili.
Ndiyo sheria.
Fintan kabandika tisa.
"Ili aone na nyuma," akasema,
na sheria ikafia pale pale.

Orlaith ana buibui wa miguu sita.
Nikamwambia, mpenzi, buibui ana minane.
Akanitazama kama unavyomtazama mtu
aliyepotea njia ya kwao:
"Miwili kaikunja. Amekaa."

Malachy alipewa rola tupu na bendeji
atengeneze maiti wa kale.
Akafunga rola, akafunga kidole chake,
akafunga kidole changu,
tulipomkuta alikuwa anafunga birika la chai
na kuliambia pole.

Halafu mizimu.
Vueni soksi!
(Zilivuliwa kumi na nne, zikavaliwa kumi na tatu.
Ya mwisho tunaitafuta hadi leo.)
Brashi ya rangi nyeupe ikigusa wayo wa kwanza
darasa zima linacheka,
hata wale ambao zamu yao bado.
Kanyaga karatasi nyeusi. Usiteleze. Inua.
Sasa geuza, chini iwe juu:
kisigino kimekuwa kichwa,
vidole ni pindo la shuka linalopepea.
Macho kwa ncha ya kidole. Mdomo wa duara.
Huuuu, wanasema, wakiogopa miguu yao wenyewe.

Nuala hakutaka mdomo.
Mzimu wake haulii, alisema,
unakaa tu pale dirishani
unangoja gari.

Saa nane wazazi wakaja na miavuli iliyopinduka,
wakabeba karatasi kama wabebavyo trei ya mayai.
Nikafuta meza. Nikafuta birika.
Nikarudi nyumbani na rangi kwenye kucha.

Jikoni kwangu, mlangoni pa stoo,
upo mmoja niliougongomea mwaka ule wa mafuriko:
wayo wa Lorcan, akiwa na miaka mitatu,
darasa hili hili, meza hizi hizi,
jicho moja limechuruzika hadi kwenye vidole.
Nikiufunika kwa kiganja, hauonekani.

Lorcan yuko Perth, anajenga barabara.
Huvaa viatu namba arobaini na sita.
Jumapili alipiga simu, huko ni machipuko,
akasema nzi wamezidi, akasema Krismasi ataona.
Ana afya, ana deni la gari, ana mtu aitwaye Tamsin
anayecheka kwa nyuma.

Kitendawili, basi:
nimemzaa, yu hai, anakula vizuri,
na mzimu wake uko mlangoni pa stoo.
Msinipe mji, ninao,
na mvua yake yote.

Maana mguu ule hauko tena popote.
Hakuna aliyeuzika, hakuna aliyeweka matanga.
Ulikua tu, usiku usiku,
ndani ya soksi nilizozifua mwenyewe.

Nilikuwa nimebakiza rangi kidogo kwenye kikopo cha jamu.
Nikavua soksi. Miaka hamsini na nane,
kifundo kimevimba, kidole gumba kimekwenda upande.
Hakukuwa na wa kunishikia brashi,
nikajipaka, nikajitekenya, nikacheka peke yangu
hadi paka akaondoka.
Nikakanyaga.

Stempu za Australia sijui siku hizi ni bei gani.
Nitamuuliza Concepta kesho.
Sasa hivi nimesimama kwa mguu mmoja jikoni,
nimeshika ukingo wa sinki,
nangoja ikauke.