Zidaka

Ukutani mwetu, huku Langoni, mna zidaka kumi na saba.
Aliyezichonga alinuia sahani za Kichina.
Mimi nilizikuta zimeshiba karatasi:
bili za stima za mita iliyokwisha kung'olewa,
waranti ya friza iliyokufa kabla waranti haijaisha,
kadi za harusi za watu walioachana,
barua ya shule ikimwomba mzazi asikose mkutano
wa Ijumaa moja ya mwaka wa tisini na nne.

Mama hakutaka niguse.
"Wata, mwanangu, itafaa."
Imfae nani? Mende wametaga ndani ya risiti,
na mchwa wamezisoma barua zote kabla yangu,
hawakujibu hata moja.

Nikajifunga kanga kiunoni, nikaketi sakafuni,
nikapiga mafungu matatu.
La kwanza: hati ya nyumba, vyeti vya kuzaliwa,
cheti cha kufa cha Baba.
Vyote vikaenea katika bahasha moja.
Watu sita, miaka themanini,
na bahasha bado inafungika.
La pili: kila karatasi yenye jina la Mungu,
juzuu zilizochanika, kalenda za msikiti,
hata tangazo la maulidi;
hizo hazitupwi, zitazikwa.
La tatu lilinipita kimo nilivyoketi.

Punda wa jirani akaingiza kichwa mlangoni,
akachukua taarifa ya benki,
akatafuna salio polepole,
akaona halishibishi,
akaenda zake.

Fungu lile nikampa Bi Tima Lali, mpika bajia wa pembeni,
kilo sita na nusu kwa mizani yake mwenyewe.
Alishukuru kana kwamba nimempa unga.
Usiku ule upepo ukapita zidakani
pasipapatike kitu.
Nikalala usingizi wa mtu asiyedaiwa.

Siku ya tatu, baada ya magharibi, nikatuma mtoto bajia.
Kuifungua karatasi, mafuta yameung'arisha mwandiko
ninaoujua: herufi za Baba, zote zimeinama upande mmoja
kama watu wanaotoka msikitini mvua inanyesha.
*Shekuwe Famau. Sukari ratili mbili.*
*Mafuta ya taa chupa moja.*
*Bado.*

Daftari la duka.
Nililidhania la hesabu zangu za darasa la sita.

Mtaa mzima ulikuwa ukila bajia juu ya madeni yake.

Nikakimbia, kiatu kimoja changu, kimoja cha Mama.
Bi Tima alikuwa amebakiwa na kurasa nne na jalada.
"Watu wanasoma?"
Akageuza bajia kwanza.
"Wasoma. Tena hawarudi kuitisha pilipili."

Wako walioanza kumsalimia Mama kwa sauti kubwa kupita haja.
Mwanamke mmoja alileta sarafu, amezifunga
katika karatasi ileile, na harufu ya kitunguu.
Wengine hawakuja, na sikuwatazamia.

Shekuwe alikuja baada ya isha.
Akasimama dakani, hakutaka kuketi.
"Ratili haziuzwi tena," alisema, "nimeleta kilo.
Babako hakunidai hata siku moja.
Ndilo lililonipitisha ndia ya nyuma miaka hino yote."
Mafuta ya taa hakuyataja,
nami sikumkumbusha.

Mama akaipokea sukari kwa mikono miwili.
Akatia mkono ndani ya mfuko, akatoa risiti ya duka,
akainyoosha juu ya goti kwa kiganja,
mara moja, mara ya pili,
na sasa ameinua macho,
anakitazama kidaka cha kati.