Minya, Shika

Mkono wa klachi ulikuwa laini kama tende iliyopitiliza:
unauminya, unakwenda hadi mshikioni, haurudi na kitu.
Gia ya kwanza ikiingia, pikipiki inaruka yenyewe
kama mbuzi aliyeona kisu.
Miaka miwili imelala hapa Khoudh chini ya turubai,
kiyoyozi cha jirani kikiidondoshea maji.

Zahran alikuja kuichukua baada ya Alasiri,
na salamu yake imepimwa kwa kijiko.
Hatujasemezana tangu mirathi:
nusu saa ya falaji kule Ibra, zamu ya usiku,
maji ya mitende kumi na minne
ambayo hakuna kati yetu anayekwenda kuichuma.

Akaisukuma hadi langoni, akaiwasha. Ikaruka, ikazima.
Akaiwasha tena.
Nikatoka na spana namba nane. Sikumwambia neno.

Tangi nililifunika kwa kitambaa kilicholowa,
maana oili hii hula rangi, wala haitubu.
Kifuniko kina skrubu mbili, moja imeliwa kichwa.
Ndani, kilichokuwa rangi ya asali changa
kimegeuka kahawa ya matanga, na masimbi chini.
Hunywa unyevu kidogo kidogo, hata ukiifunga.
Soma kifuniko kwanza: kikisema namba nne, tia namba nne.
Ukitia ya madini sili zitavimba,
utailaumu pampu, na pampu haina kosa.

Nikapapasa silinda ya chini, nyuma ya sproketi.
Kukavu. Alhamdulillahi.
Basi ni hewa.

Na hewa haitolewi na mtu mmoja.
(Wapo wanaoweza, wana vali maalumu. Mimi sina.)

"Minya," nikasema.
Neno la kwanza baada ya miezi kumi na tisa.
Akaminya.
"Shika."
Nikalegeza chuchu robo mzunguko. Mpira mwembamba
ukatema kwenye chupa ya asali ya tende,
mapovu yakifuatana kama watoto watokao chuoni.
Nikafunga. "Achia."

Ukiachia kabla sijafunga, unavuta hewa upya,
kazi yote inarudi mwanzo.
Alilijua hilo. Baba alitufundisha wote wawili,
gereji ya Wadi Kabir, mmoja juu, mmoja chini,
na kofi kwa atakayewahi kuachia.
Maji hayabonyei, alikuwa akisema, hewa ndiyo hubonyea.
Nguvu ya mkono wako ifike upande wa pili kama ilivyotoka;
ikipungua njiani, jua katikati mna utupu.

Minya. Shika. Achia.
Nikapoteza hesabu. Yeye akawa ananihesabia,
nilisikia midomo yake.
Jasho la Agosti likanitonea jichoni.
"Oili ya juu," akasema, "inakwisha."
Kweli. Kikombe kingekauka
tungevuta hewa yote ya Maskati.
Nikamimina. Nikagonga bomba kwa mpini wa bisibisi,
tok, tok,
kwa kuwa mapovu ya mwisho hujificha juu,
pale bomba linapopinda kuingia kwenye pampu.

Magharibi ikaadhiniwa. Mkono umekuwa mgumu nusu,
nusu bado.

Nikafanya kama alivyofanya mzee:
nikakata ukanda wa mpira wa tairi la ndani,
nikaubana mkono kwenye mshikio,
ulale hivyo hadi asubuhi, hewa iliyobaki ipande yenyewe.

"Kwa hiyo leo haiendi," Zahran akasema.
"Leo haiendi."
Akatazama funguo. Akatazama mikono yake,
oili hadi viwikoni.
Akaniuliza sabuni iko wapi,
kama mgeni.
Ilikuwa palepale.