Ndara Moja

Nilifika mnadani Msalato na ndara moja.
Nyendo akacheka, kisha akanyamaza:
nyingine ilibaki kwenye vumbi la njiani
na mguu haukuniambia kitu.

Miaka kumi na tatu nameza vidonge vyeupe,
asubuhi kwa uji, usiku kwa ugali wa uwele.
Sukari ikatii. Kadi yangu ya kliniki
safi kama daftari la mtoto wa mwalimu.

Daktari kijana akagonga chuma chenye pembe mbili,
akakisimamisha juu ya kifundo.
"Unasikia?"
Nasikia, mwanangu, kinalia kama mbu.
"Si kwa sikio, mama. Kwa mguu."
Tukanyamaza wote wawili, tukiungoja useme.

Hutokea kwa wachache, alisema:
dawa iliyoifungia sukari mlango
imemfungia na mwingine nje, vitamini fulani,
mishipa ikalala njaa na sahani imejaa.

Sindano sasa, kila mwezi.
Jana usiku, kidole gumba cha mguu wa kushoto,
kitu kama punje ya mchanga.
Sikumwita mtu.
Nikavua ndara, nikavaa,
nikavua tena.